Wajumbe Wasiokula Mbuzi

Mama yangu alipofariki, tulichinja ng'ombe ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimkama asubuhi na jioni. Waombolezaji lazima wale, na mimi ndiye niliyeambiwa nishike kamba kwa sababu ng'ombe alinizoea. Alinifuata hadi nyuma ya jiko bila matata, akidhani nampelekea pumba. Watu walikula, wakasifu mchuzi, wakaenda zao. Tangu siku hiyo nyama ikinigusa ulimi, koo linajifunga. Baadaye koo likakataa maziwa, halafu mayai. Mayai sijui yalinikosea nini.

Sisemi nilikuwa na huzuni. Sikuwa na chochote. Niliamka, nikaenda kazini, nikarudi, nikalala. Mtu akiniuliza naendeleaje nilisema vizuri, na kwa kadiri nilivyojua sikuwa nadanganya.

Kazi yangu ni upishi mlimani. Tunaondoka Naro Moru na wageni, wapagazi wanabeba mizigo, mimi napika ndani ya hema. Na huko ndiko utaona maajabu. Mgeni akisema hali nyama, wala maziwa, wala asali, ofisi inatoa maagizo, mimi namchemshia nduma, yaani magimbi, na kumkaangia maharagwe, na kila mtu anaona ni sawa kabisa. Mimi nikisema maneno hayo hayo, naulizwa kama ni vidonda vya tumbo. Wengine waliuliza kama nimeingia dini fulani. Rafiki mmoja alinivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini ni ugonjwa gani huo ninaouficha. Kwetu mwanamume na nyama choma ni kitu kimoja, na ukiondoa nyama hawajui wakuweke wapi. Kinachoniudhi ni kwamba hao hao wanakula githeri, mahindi na maharagwe matupu, na mukimo wa viazi vya kuponda wiki nzima bila kulalamika. Shida inakuja siku ya mbuzi. Siku hiyo ndiyo wanaangalia nani anakula na nani hali.

Mgeni mmoja aliniambia kwamba watu kama mimi tuna jina, tunaitwa vegan. Tuliposhuka nikaandika neno hilo kwenye simu pamoja na neno Nyeri, nikitarajia kucheka. Nikapata kikundi cha WhatsApp kinachoitwa Mboga Tu. Nikajiunga, nikaandika: "Naitwa Gathogo. Sili nyama tangu mama azikwe. Sina swali." Kisha nikazima simu kwa sababu sikutaka kuhojiwa.

Nilipoiwasha nikakuta hakuna aliyenihoji. Raudha, anayeuza viungo mjini Nyeri, alikuwa ametuma sauti akieleza vile shangazi zake humkodolea macho kila Idi sahani ya pilau inapompita. "Wananiangalia kama nimetukana pilau na mzazi wake." Griffins, fundi wa redio kule Karatina, alikuwa ametuma picha ya njahi, yale maharagwe meusi. Na mtu aliyejiita Mama Nduma alituma picha ya nduma, imepigwa juu chini, na maneno matatu: "Karibu kijana. Kula." Nikadhani ni msichana wa chuo anayefanya mzaha.

Sikuwapenda. Wakati huo sikumpenda mtu. Lakini nilizoea kuwasoma kama vile mtu anavyozoea kusikiliza redio ya jirani. Taratibu nikaanza kuwaandikia vitu visivyo na maana yoyote, kwamba leo nimepika supu ya ndengu, kwamba mvua imelowesha mahema. Kila nilichoandika kilijibiwa. Mama Nduma hakuwa na mengi, yeye aliuliza tu, "Umekula?" nami nikajibu ndiyo. Siku moja nikajikuta nje ya hema, kwenye baridi ya kukata masikio, nikihangaika kutafuta mtandao ili nimjibu mtu nisiyemjua kwamba nimekula. Nikaona haya. Lakini nilijibu.

Kitu kimoja tu ndicho nilichokuwa bado nakitaka, ingawa hata hicho nilikitaka kwa mbali. Nilitaka kumwoa Watiri, mwalimu wa chekechea kule Endarasha. Watiri alijua sili, na hakuwahi kunihubiria. Alichofanya ni kuacha kutia siagi kwenye mukimo wangu. Lakini baba yake, Mzee Theuri, ni mfanyabiashara wa mbuzi anayejulikana Kieni nzima. Ningekuwa na bahati kweli, ningempenda binti wa muuza viazi.

Mzee alitupangia Jumamosi moja twende kuulizia, yaani kuposa. Kwetu huendi peke yako. Unakwenda na mwanamume wa kukusemea na akina mama wa kuimba langoni. Unapeleka pia mwanakondoo na mbuzi mchanga, wote majike, ambao hawachinjwi, wanafugwa kwa baba wa msichana. Hao hawakunisumbua. Kilichonisumbua ni mbuzi ambaye wenyeji wangetuchinjia sisi wageni. Ukikataa nyama ya wakwe, umekataa undugu.

Baba yangu sikumjua, kwa hivyo msemaji alipaswa kuwa mjomba Waweru. Nikaenda kwake.

"Utakula hiyo nyama?" akaniuliza kabla sijakaa.

"Siwezi, mjomba."

"Ati huwezi! Kipande moja tu. Meza na maji kama dawa."

"Itarudi."

"Basi tafuta watu wengine. Mimi siendi kwa Theuri kuaibishwa na kijana anakula kama sungura."

Akawaambia na wengine wa ukoo, na wote kwa ghafla wakapata shughuli Jumamosi hiyo. Watiri alipomdokezea baba yake kwamba nimekosa watu, Mzee hakukasirika. Alisema tu kwamba kijana asiye na watu hampi binti yake, kwa sababu siku nyumba ikiwaka moto yeye Theuri atamuuliza nani? Na Jumamosi nyingine hangetoa. Kusema kweli niliona ana haki.

Nikaandika kwenye kikundi: "Jumamosi nilikuwa niende kuulizia mke Endarasha. Nimekosa watu. Siendi tena." Niliandika hivyo hivyo nilivyoandika habari ya mvua.

Halafu Mama Nduma akauliza, "Kutoka hapa kwangu Kiriaini mpaka Endarasha ni mbali?" Griffins akaandika, "Mimi niko na suti." Raudha naye akatuma sauti: "Nyimbo zenu sizijui, lakini vigelegele niachieni mimi."

Nilidhani ni mzaha hadi nilipowakuta Jumamosi wamesimama kituoni Endarasha, wao na wengine wachache wa kikundi, wakitazamana kwa aibu kama wanafunzi wageni. Mama Nduma hakuwa msichana wa chuo. Alikuwa mama mzee, Wakiuru kwa jina, aliyechuma majani chai maisha yake yote, na alikuwa na kitambaa cheupe kichwani na kiondo begani. Alinitazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Kumbe wewe ni mrefu hivi," akasema. "Na meseji zako ni fupi sana."

Nikampa mkono. Griffins alimbeba mwanakondoo, naye mwanakondoo akaanza kutafuna kola ya ile suti.

Langoni akina mama wa kwa Theuri walikuwa wamefunga, wanaimba kwa ndani wakituuliza sisi ni nani na tunataka nini. Wakiuru akawajibu kwa nyimbo za zamani ambazo hata baadhi yao walikuwa wamezisahau. Raudha akapiga vigelegele virefu hadi mbwa wa jirani wakabweka. Lango likafunguliwa. Tukaketishwa upande mmoja, wazee wa Theuri upande wa pili, na Griffins akasimama akazungumza vizuri kuliko vile mjomba wangu angezungumza. Mzee Theuri akataja anachotaka: mbuzi kadhaa, blanketi za akina mama, na tangi la maji. Kisha nyama ikaletwa, imejaa ubao, inatoa moshi.

Upande wetu hakuna aliyenyoosha mkono. Raudha alitazama mawingu. Griffins alijifanya anarekebisha kola yake iliyotafunwa. Mzee Theuri alitungoja, akatungoja tena, halafu akainama akanong'onezana na wazee wake.

"Sawa," akasema. "Hiyo mambo ya tangi tuwache."

Tukamshukuru. Hatukula.

Wakanong'ona tena, safari hii kwa muda mrefu, na mzee mmoja alionekana kukasirika. Theuri akapangusa jasho. "Na blanketi pia. Akina mama watajinunulia."

Hapo ndipo nikaelewa. Wageni wasiporidhika na kilichotajwa, huiacha nyama ipoe mpaka mwenyeji apunguze. Hakuna mtu Kieni aliyewahi kuona njia nyingine ya kukataa mbuzi. Mzee alidhani tunamkazia.

Griffins naye alikuwa ameelewa. Akaniegemea, macho yanamcheka. "Nyamaza," akaninong'oneza. "Tunashinda."

Na ningeweza kunyamaza. Miezi hiyo yote kunyamaza ndiyo kazi niliyoijua. Lakini nilimwona Watiri amesimama mlangoni na shangazi zake, anamtazama baba yake akishusha madai yake moja baada ya jingine mbele ya wazee wenzake, mzee mwenye jina sokoni, kwa sababu tu hataki siku ya binti yake iharibike. Nikaona ni jambo baya. Sikulihisi kwa nguvu, lakini nililiona wazi. Nikasimama. Bwana harusi haongei siku hiyo, kwa hivyo wote wakageuka.

"Mzee, hatubishani na wewe," nikasema. "Rudisha tangi yako, rudisha na blanketi. Hatuli kwa sababu hatuli nyama. Mimi niliacha wakati mama alizikwa. Walichinja ng'ombe yake, na ni mimi nilishika kamba. Sijui kueleza zaidi ya hapo."

Mzee Theuri alinikazia macho. "Nyinyi wote? Hakuna hata mmoja anakula?"

"Hakuna."

"Hata huyo mama?"

"Hata mimi," Wakiuru akajibu mwenyewe. "Na unaona nimenenepa."

Shangazi mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Theuri hakucheka. Alitupitishia macho mmoja mmoja. "Huyu ni wa Karatina. Huyu ni Mwislamu wa mjini. Huyu ametoka Kiriaini. Sasa nyinyi ni ukoo gani?"

"Tulijuana kwa simu," nikasema, na nikasikia jinsi lilivyo jibu la kijinga. Mzee yule aliyekasirika akaanza kutafuta fimbo yake aondoke. Nikajua nimemkosa Watiri, na hata hilo lilinifikia polepole, kama habari ya mtu mwingine.

"Kijana, mimi sikatai mtu kula mboga," Theuri akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. "Lakini baba hauna. Mjomba amekataa kuja. Mama yako angekuwa hapa ningeongea na yeye. Siku msichana yangu ako na shida kwako, mimi nitauliza nani?"

Wakiuru akaweka kiondo chake chini.

"Utauliza mimi," akasema. "Chukua namba."

Nilidhani Mzee ataona ni dharau. Badala yake akaingiza mkono kwenye koti, akatoa simu yake ndogo, akavaa miwani. Wakiuru akamtajia namba polepole. Theuri akaipiga pale pale, aone kama ni ya ukweli, na sote tukasikia simu ikilia ndani ya kiondo. Akakata. Akaitazama ile namba kwenye kioo cha simu.

"Niandike nani?"

"Andika Mama Gathogo."

Kitu kikanipasuka kifuani, na kiliniuma sana. Nikalia. Nililia kwa sauti, mwanamume mzima, mbele ya wakwe na wazee na ubao wa nyama iliyopoa, na nilipojaribu kuacha sikuweza. Nilimlilia mama yangu, na nikamlilia na yule ng'ombe. Shangazi mmoja akaanza kusema kwamba hiyo nayo ni mbinu ya kupunguziwa mbuzi, wenzake wakamnyamazisha. Wakiuru alikuja akaketi kando yangu, akaniwekea mkono mgongoni.

Mzee Theuri aliendelea kubonyeza herufi kwa kidole kimoja hadi akamaliza. Akatia simu mfukoni, akavua miwani, kisha akapaza sauti kuelekea jikoni akiuliza kama kuna githeri imebaki, wakwe zake hawajala.