Kloridi ya Alumini Haitaki Maji

"Sikuulizi nani alisoma chupa," Boniface alisema, sauti ishapanda. "Nauliza nani alimwaga maji. Ni Denise, si ndiyo?"

"Mimi ndiye nilimwambia amwage," Anicet alijibu.

"Na yeye ndiye alishika ndoo."

Walikuwa kwenye ofisi ya kampuni ya usafi, chini kabisa ya ghorofa moja huko Husby, kwa Waswidi, dirishani unaona viatu vya watu tu vikipita kwenye theluji. Boniface, Mkenya, ndiye msimamizi. Anicet ni Mrundi, miaka ishirini, alimaliza shule bila alama ya kemia, sasa anairudia jioni kwenye shule ya watu wazima maana anataka kusomea famasia. Asubuhi, kabla wanafunzi hawajafika, anasafisha shule moja pamoja na Denise, mama mmoja Mrundi mwenzake.

Sasa jana ilikuwa hivi. Waliingia maabara wakakuta chupa imelala mezani, haina kifuniko, unga mweupe unaoelekea manjano umemwagika mpaka chini. Denise hasomi Kiswidi. Akauliza, "Hii ni nini, mwanangu?" Anicet akageuza chupa, akaona neno kloridi. Hata alifurahi, maana hilo analijua. Darasani mwalimu alitia kloridi ya sodiamu kwenye maji, chumvi ya mezani tu, ikayeyuka kimya, karatasi ya kupimia asidi haikubadilika rangi. Ya magnesi nayo karibu vilevile.

"Chumvi tu hii, mama. Weka maji."

Na Denise kwa maji, acha tu. Kupangusa na kitambaa chenye unyevu, vile Waswidi wanafanya, yeye anasema huko ni kubembeleza uchafu. Kwao Kayanza sakafu inaogeshwa. Akajaza ndoo, akamwaga yote.

Unga ukalia kama mafuta kwenye kikaango. Moshi mweupe ukapanda, mkali, ukamkuta ameinama. Anicet alimvuta mkono mpaka koridoni, mama wa watu anakohoa hadi anatapika.

Kitabu cha kemia alikuja kukifungua hospitalini, kwenye benchi. Sura yenyewe kurasa nne. Sodiamu, magnesi, alumini, silikoni, fosforasi. Ukienda kulia kwenye huo mstari wa jedwali la elementi, kloridi zinabadilika tabia, haziyeyuki tu, zinapambana na maji, zinatoa joto na mvuke wa asidi. Kloridi kavu ya alumini, ile ya kwenye chupa, ilikuwa ukurasa wa pili.

"Hilo somo lilikuwa Alhamisi," Anicet alisema. "Alhamisi jioni ulinitumia meseji nije nishike zamu ya Axel, anaumwa. Nikaja."

"Kwa hiyo ni mimi?"

"Sijasema ni wewe peke yako, mkubwa. Chupa nani aliiacha wazi? Na sisi nani alishatufundisha kitu, hata siku moja?"

"Fomu haina nafasi ya maneno yote hayo." Boniface akaisukuma karatasi mezani. Chanzo cha ajali: mfanyakazi hakufuata maelekezo. Jina: Denise. "Sikia, kijana. Juu yangu kuna watu. Shule ikisikia kosa ni lao, kazi wanapeleka kampuni ingine, sote tunalala nyumbani."

"Ukiandika hivyo hamtamwongezea mkataba."

Boniface akaangalia dirisha.

"Watoto wake wawili wako Bujumbura kwa shangazi yao. Watu wa uhamiaji wanataka aonyeshe kazi ndio waje. Unajua. Alivyotoa ushuhuda kanisani ulipiga makofi."

"Ameshasaini," Boniface alisema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Nimetoka hospitali asubuhi. Kuongea bado hawezi. Alisaini, halafu akanishika mkono na mikono yake miwili. Alidhani nimeenda kumwona."

Anicet akaitazama hiyo sahihi. Herufi kubwa, mojamoja, kalamu imekandamizwa. Akachukua kalamu ya Boniface, akaandika chini yake kwa Kiswidi: Mimi ndiye nilimwambia amwage maji. Hakuna aliyetufundisha. Akaweka na jina lake lote.

Boniface alimwacha mpaka akamaliza.

"Umemaliza?" aliuliza, polepole kabisa, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. "Fomu iko kwenye kompyuta. Nitatoa ingine, nimrudishie mchana. Atasaini tena."

Anicet akaweka kalamu chini. Akatoa funguo za shule mfukoni, akaziweka juu ya karatasi. Alipofika mlangoni printa ilikuwa ishaanza kuunguruma. Akatoka, akavuta mlango mpaka ukafunga.