Kutoka Montreal Hadi Katuba

Kwenye kilio cha Mama Julienne, pale Katuba, mtaa wa Lubumbashi, wote walimngoja Dorine, binti yake wa pekee, aliyeolewa Montreal. Mume wa marehemu, Mzee Symphorien, alikuwa amemwahidi mkewe akiwa bado hai: mtoto atauona uso wako kabla jeneza halijafungwa.

Dorine akapiga simu. "Papa, nimepata billet ya ndege. Natoka leo mangaribi. Nitafika..."

"Najua," mzee akamkatiza. "Nilishapiga calcul. Bamama banataka kulia na weye."

Simu ikapita mkono kwa mkono, kila mama akilia naye kidogo, mpaka chaji ikaisha.

Hesabu yenyewe mzee aliiona tamu. Alikuwa ameendesha treni maisha yake yote; kwake umbali ukigawanywa kwa mwendo, saa ya kufika imepatikana, basi. Kijana mmoja alimtafutia kwenye mtandao: Lubumbashi mpaka Montreal, karibu kilometa elfu kumi na mbili. Akagawanya kwa mwendo wa ndege. Kesho mchana. Hajawahi kupanda ndege, maskini, wala hakuna aliyemwambia kwamba zile ni kilometa za mstari ulionyooka, na kwamba binti yake angeshinda kwenye viti vya uwanja wa ndege wa Brussels akingoja ndege nyingine, kisha akeshe kwenye vya Addis Ababa. Akaagiza mwili utolewe mochwari uletwe nyumbani kesho yake.

Mwili ukaletwa, misa ikasomwa. Mzee akasimama barabarani akichungulia kila teksi. Mchana ulipokwisha, Katongo, kaka wa marehemu, akamwendea taratibu.

"Shemeji, jua inashuka."

"Tumurudishe ku morgue. Kesho tu, Katongo."

"Weye unajua ya kwetu. Muntu akitoka ku morgue, harudie. Na njo weye uliomba bamulete."

Mzee alijua. Aliijua desturi hiyo ya wakwe zake tangu alipooa, ndiyo maana ilimchoma. Wakamzika Julienne jua likizama.

Dorine akaingia siku iliyofuata, mchana. Aliwapita waombolezaji bila salamu, moja kwa moja hadi sebuleni. Viti vyote vilikuwa nje, na ndani hapakuwa na kitu.

"Mama iko wapi?"

"Tulimuzika jana, mwanangu. Nilizani utafika jana."

"Nani alikuambia jana?"

"Miye mwenyewe."

Angemtukana, mzee angeshukuru. Angemrukia mbele ya watu wote, angeshukuru zaidi. Lakini Dorine alikaa sakafuni na koti lake la baridi, akalia kwa muda mrefu bila sauti, kisha akafuta uso kwa kiganja.

"Basi uniambie, papa. Balimuvalika nguo gani? Uso yake ilikuwa namna gani?"

Mzee Symphorien hakujua. Siku nzima alikuwa barabarani, na walipomwita aage kabla ya kufunga jeneza, aibu ilimzuia kuingia.