Mbwa Aliyenyolewa Nusu

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumanne, mtaalamu wa tiba ya viungo aliweka rula kati ya kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia wa kinyozi. Sentimita mbili. Wiki sita nyuma, siku chache baada ya kiharusi, zilikuwa mbili vilevile.

"Mzee wangu, ule mpira wa kutanulia vidole unauvuta?"

"Nauvuta."

"Mwongo," mkewe alisema kutoka jikoni. "Uko juu ya kabati, umeshika vumbi."

Presha ilikuwa 162 kwa 98. Kinyozi alikuwa akilala mchana, akila nusu sahani, na hakuwa ameingia chumba cha mbele, mlimokuwa na kiti chake cha kazi, tangu siku alipoanguka. Mtaalamu alieleza bila kuzunguka: wagonjwa wa kutembelewa nyumbani ni wengi. Baada ya wiki mbili, mkono usipofika sentimita tano, upana wa kufungulia mkasi, nafasi yake atapewa mwingine.

"Mpe tu," alisema kinyozi.

Alhamisi, dada wa mke alihamia nyumba ya kupanga isiyoruhusu wanyama, akamleta mbwa wake. Mbwa huyo alikuwa mzee, manyoya yamesokotana kama godoro lililolowa. Walimwita Mheshimiwa kwa sababu hakuwahi kumpisha mtu njia.

"Shemeji ananipenda kweli," alisema kinyozi. "Mgonjwa kaletewa mgonjwa."

Mbwa alilaza kichwa juu ya mguu wake. Kinyozi akausogeza mguu. Mbwa akakisogeza kichwa. Mara ya tatu kinyozi aliuacha mguu ulipo.

Jumamosi, mke alichukua mkasi wa jikoni akamnyoa mbwa ubavu wa kushoto, toka bega hadi paja, kisha akasema maji yanachemka na kuondoka. Hakurudi.

"Mke wangu! Umeacha kazi huku!"

"Nimechoka."

"Kichwa hakiachwi nusu!"

"Hicho si kichwa, ni ubavu."

Kutoacha kichwa nusu ndiyo ilikuwa sheria ya kazi ya kinyozi kwa miaka thelathini na moja. Umeme ulipokatika, alimaliza kwa mkasi akisimama mlangoni penye mwanga. Hakuna mteja aliyewahi kutoka kwake na kichwa nusu.

Alimtazama mbwa kwa takriban saa nzima. Kisha akasimama, akaingia chumba cha mbele na kurudi na kitana na mkasi wake. Kidole gumba cha kulia hakikuingia kwenye tundu la mkasi. Alikiingiza kwa mkono wa kushoto. Kila alipobana, ilimbidi avifungue vidole tena, na kufungua ndiko kulikokuwa kugumu. Alitoa jasho. Mbwa alikaa dakika arobaini, mkasi ukikwama na kumvuta manyoya, naye hakulia wala hakuondoka. Siku hiyo kilinyolewa kipande cha upana wa kiganja.

Jumapili aliendelea. Jumatatu alianza kusawazisha upande alioukata mkewe.

"Huku ni kunyoa au kuchonga ngazi? Inama kidogo, mheshimiwa. Watoto hawajambo nyumbani?"

Mke alikuwa jikoni. Tangu kiharusi hakuwa amemsikia akisema maneno mengi kiasi hicho kwa mkupuo.

Jumanne rula ilionyesha tatu na nusu. Mtaalamu hakushangilia; alipima presha kabla ya kunyoa, 154, na dakika ishirini baada ya kunyoa, mbwa akiwa amelala miguuni, 139.

"Kukaa kimya pia hushusha presha," alisema. "Namba hizi peke yake hazithibitishi kitu. Jana mkasi ulifunguka mara ngapi?"

"Mia mbili na kumi na mbili," alisema mke. "Nilihesabu."

Mtaalamu aliweka kalamu chini. "Mpira nilimwandikia mara thelathini kwa siku, hakuvuta hata moja. Mama, wewe ulijua kuwa atammalizia mbwa?"

"Mwanangu, mimi naishi na kinyozi. Nyumba ikishika moto, huyu angemaliza kichwa kwanza."

Mtaalamu aliinama akamtazama mbwa kwa umakini aliozoea kuwatazamia wagonjwa. Marudio ndiyo yanayofungua mkono. Hilo alilijua toka chuoni. Alichokosa wiki sita ni kitu cha kumfanya mtu huyu arudie. Aliandika kwenye faili: *Aendelee na mbwa.*

Wiki nzima kinyozi alinyoa masikio, kidevu na mkia, akapunguza tena palipokwisha kupunguzwa. Sahani zilirudi jikoni tupu. Usingizi wa mchana uliisha, maana Mheshimiwa alikuwa anataka kutembezwa.

Jumanne ya mwisho, mkono ulifunguka sentimita tano na milimita nne. Presha ilikuwa 136 kwa 86. Mtaalamu alipima mara mbili, kisha akatia sahihi fomu ya wiki nane zaidi.

Alipoondoka, fundi viatu wa jirani alichungulia chumba cha mbele, akamwona kinyozi na mkasi wake.

"Umefungua?"

"Nafundisha mkono."

"Nywele zangu je? Au mpaka nibweke?"

"Huyu anatulia. Wewe utaweza?"

Fundi viatu aliketi. Kinyozi alimfunga kitambaa shingoni, akachukua kitana kwa mkono wa kushoto. Saa tano kasorobo, mkasi ulifunguka juu ya sikio la fundi viatu, ukafunga, ukafunguka tena.