Kona ya Mtwara

Usiku wa jana niliota nimevaa viatu. Mimi nikiota nimevaa viatu, kwa kawaida naamka, nafunga begi, nahama mji. Ila safari hii hapakuwa na mji wa kuhamia, kwa sababu nchi nzima ilikuwa imelazwa juu ya meza uani kwa mdogo wangu Somoe, na mimi ndiye niliyeambiwa niikate.

Nieleze kwanza yaliyo kweli. Somoe anafundisha chekechea hapa Mtwara. Anataka ramani ya nchi iliyokatwa kwa plaiwudi, aitundike darasani, watoto waipapase kwa vidole. Mimi nimehama miji mingi kuliko madarasa niliyosoma, nikajitia ufundi, nikaazima jigso kwa jirani yetu fundi Nangomwa. Jigso ni ule msumeno mdogo wa umeme, bledi yake nyembamba inarukaruka juu na chini. Jana mchana kutwa nilihangaika nayo kwenye mabaki ya mbao. Nikitaka kulia, inakwenda kushoto. Nikiikaza, inatetemeka mpaka meno yangu yanagongana.

Plaiwudi ya ramani ni moja tu, imelazwa uso chini, na mstari wa kukata Somoe ameuchora mgongoni. Na kwenye kona kabisa ya Mtwara, pale nchi inapochongoka kuingia baharini, Somoe amechora nyumba yake kwa penseli, ndogo kama punje ya mchele.

"Kaka Bushiri," akaniambia, "kwingine kosea utakavyo. Hapa usinikate."

Nikalala na neno hilo.

Sasa niko juu ya ubao. Jigso imekuwa kubwa kama punda, na mimi nimeipanda. Ilionekana ina umri kunizidi, kwa hiyo nikaiamkia.

"Shikamoo."

Kimya. Nikabonyeza kitufe.

"Marahaba, ila usinisu..."

Nikaachia. Ikanyamaza. Nikabonyeza tena.

"...kume. Mimi najiendea. Anayenisukuma namchomea mbao."

Nikaelewa kwamba huyu huongea akibonyezwa tu. Nimewahi kufanya kazi na watu wa namna hiyo.

Tukaanzia Tanga, tukishuka na pwani. Mara nikaona bahari iko upande wa machweo, na watu wote wamenipa mgongo. Mama mmoja anauza machungwa, mgongo. Wateja wake, migongo.

"Mama, geuka basi nikuone."

"Nigeuke vipi, baba? Hapa ni mgongoni kwa nchi. Nyuso zetu ziko chini."

"Nani kaziweka huko?"

"Si nyie mafundi? Meno ya mnyama wako yanakata yakipanda, upande wa juu ndio unaochanika. Uso mzuri unalazwa chini. Chukua chungwa."

Nikachungulia chini ya ubao. Kweli, nyuso zote zipo huko, safi, zimetulia, zinatazama sakafu ya ua wa Somoe. Nikapokea chungwa, nikaendelea.

Tunafika Bagamoyo, jigso inatetemeka vibaya. Mgongo wa mzee mmoja aliyekuwa akinywa chai ukanisemesha kwa ukali.

"We bwana! Chai inaturukia!"

"Samahani, mzee. Ile sahani ya chuma jigso inayokalia haijakaa sawa kwenye ubao."

"Sasa si uikandamize?"

"Sina uzito."

Yule mzee akaguna, akaja kinyumenyume na kikombe chake, akakaa juu ya sahani. Mtetemo ukapungua. Hakuuliza tunakwenda wapi. Akaendelea kunywa chai.

Karibu na Mafia vumbi la mbao likafunika mstari wote. Kila mtu anayetumia jigso anajua dawa yake, unapuliza. Nikavuta pumzi.

"Usipulize!" Sauti inatoka ndani ya vumbi. "Tumeanika dagaa huku!"

"Sioni mstari."

"Na sisi hatuoni mboga ya kesho ukipuliza. Nenda polepole, utauona."

Nikaenda polepole. Sikuuona.

Kilwa, waya ukaisha. Ulikuwa umechomekwa sebuleni kwa Somoe, umevutika umekuwa kama kamba ya kuanikia nguo. Nikavuta kidogo. Nyuma nikasikia mguno, na ukuta wa sebule ukaja wenyewe, una soketi yake, kalenda yake na picha ya marehemu shemeji.

"Ungeniambia tunasafiri ningevaa rangi nyingine," ukuta ukasema.

"Hata mimi sikuambiwa."

"Wewe huwa huambiwi, unaondoka tu," ukuta ukasema, ukawa unanifuata.

Hivyo ndivyo nilivyofika Mtwara: jigso, mzee wa chai, ukuta, na mstari nisiouona. Vumbi likatawanyika lenyewe, nikamwona Somoe. Amekaa nje ya ile nyumba yake ya penseli, anachagua mchele kwenye ungo. Mgongo wake naujua. Kanga ile ya kijani.

"Pinda hapa," nikaiambia jigso. "Hii ndiyo kona. Tunashika Ruvuma."

"Kona kali sipindi. Mimi nakunja taratibu, kama mto. Ili nishike Ruvuma naanza kukunja sasa hivi, napita nyuma ya nyumba ya dada yako."

"Na nyumba?"

"Inabaki nje."

"Nje wapi?"

"Na takataka za mbao. Zinakwenda jikoni, kuni."

Ililisema hilo kama mtu anayekutajia bei ya vitunguu. Nikaachia kitufe haraka, lakini bledi ilikuwa imeshaanza kuinama kuelekea nyuma ya nyumba. Kijiufa kikatokea uani. Kuku akakiruka.

"Ni kaka Bushiri huyo?" Somoe akauliza bila kugeuka. "Nasikia kelele."

"Ni mimi."

"Unapita?"

"Sipiti. Somoe, ondoka hapo. Nyumba inakatwa."

"Niende wapi? Mimi nilikwambia usinikate, sikukwambia nitahama. Wa kuhama ni wewe."

"Basi geuka angalau nikuone."

Mikono yake ikasimama kwenye ungo.

"Wewe leo ndiyo unadai uso? Tangu msichana mimi naona mgongo wako na begi. Tanga ulikwenda, mgongo. Kilwa, mgongo. Mama anaumwa, mgongo. Leo na wewe tazama wa kwangu kidogo."

Mzee wa chai akafyonza kikombe chake.

"Kakupata," akasema.

Nilibonyeza kitufe nikitumaini jigso itanijibia. Ikasema, "Nina joto." Nikaachia.

Somoe akapepeta mchele mara moja, makapi yakaruka.

"Kona haikatwi kwa kulazimisha," akasema. "Zima. Rudi kwa njia uliyojia mpaka ukingoni mwa ubao. Zunguka, uingie upya kutoka baharini, moja kwa moja mpaka hapa kwenye kona, usimame. Mbao ya nje itaachia yenyewe. Fundi Nangomwa alikwambia jana, ukawa unaitika tu."

"Kurudi kote kule?"

"Kote."

Niseme ukweli, mimi kurudi sijui. Mahali nikitoka nimetoka. Lakini ufa wa jigso ni mwembamba kama bledi yenyewe. Hauna njia ya mkato, na utakuta kila mtu uliyempita.

Narudi Kilwa. Mgongo wa mama aliyewahi kunipangisha chumba unafagia baraza.

"Godoro lako bado lipo," anasema.

"Nilijua umelitupa."

"Nilitaka. Watoto wakalizoea. Ingia unywe maji."

Nakunywa maji. Ukuta nao unaomba, unapewa. Mafia wanaanua dagaa, wananiambia sasa puliza. Napuliza, mstari unaonekana mzima, mweusi, umekaa pale pale siku zote. Tanga mama wa machungwa ananishangaa kwa kisogo.

"Umerudi? Hapa wanaopita hawarudi."

"Nina kazi kwenye kona."

"Basi chukua na la njiani."

Nikazunguka ukingoni, nikaingia baharini. Bahari ni kavu, ni plaiwudi tupu, imeandikwa BAHARI kwa mwandiko wa Somoe wa kufundishia watoto. Katikati ya herufi ya H bledi ikalegea. Mzee wa chai akaikaza kwa mpini wa kijiko, akarudi kukaa. Harufu ya kuungua ikaanza.

"Unanisu..."

"Sikusukumi."

Na kweli sikuwa nasukuma. Nilikuwa nimeshika tu, nikiiacha ijiendee, mikono imekufa ganzi na nataka kulia kwa haraka niliyonayo. Kijiufa cha uani kinaongezeka. Kuku sasa anakiruka kwa kujitahidi. Kanga ya kijani inakaribia, inakaribia. Nyumba ina mlango mmoja, sikuwahi kuuona vizuri. Ncha ya bledi ikagusa kona.

Nikaachia kitufe.

"Umefi..." jigso ikasema, ikanyamaza.

Mtetemo ukakoma. Mzee akashusha kikombe. Somoe akaweka ungo chini. Akaanza kugeuka. Nikaona sikio, nikaona hereni, nikaona mwanzo wa shavu.

"Kaka! Kaka Bushiri! Amka, jua hilo limeshapanda."

Nikafumbua macho. Somoe alikuwa ameniinamia, kikombe mkononi. Uso wake wote, mzima, haujachanika popote. Nikautazama mpaka akaona haya.

"Una nini? Nimepakaa masizi?"

"Hapana. Leo nakata ile ramani."

"Utakata na nini? Umeme haujarudi tangu jana magharibi."

Tukatoka uani pamoja. Ubao uko mezani kama nilivyouacha, mgongo juu, haujaguswa. Jigso iko pembeni, waya wake umeviringwa. Nikapitisha kiganja juu ya plaiwudi, nikakisimamisha. Kutoka ukingoni, kukata bahari katikati ya herufi ya H, palikuwa na ufa mmoja mwembamba, umenyooka moja kwa moja mpaka kwenye kona ya Mtwara. Umeishia kando ya ile punje ya mchele. Nyumba haikuguswa.

Somoe akainama. Akaniangalia, akauangalia ule ufa, akachomeka ncha ya kidole.

Akakitoa haraka, akakipuliza.

"Bado wa moto," akasema.