Mzizi Mzima

Saa mbili asubuhi Porfiri Yeliseyevich Zavyalov aliuona ule mmea, na ilipofika saa mbili na dakika ishirini ulikuwa umeshalazwa kati ya magazeti mawili, umebanwa kwa mbao na mikanda, umekufa. Hizo dakika ishirini akili yake ilikuwa wapi? Baadaye alijiuliza sana.

Ulikuwa mmea mdogo wa kimo cha kidole, wenye maua matatu ya zambarau, umeng'ang'ania mteremko wa chaki juu ya mto Volga. Yeye ndiye aliyeutambulisha kwa wataalamu mwaka 1931, akiwa kijana wa miaka ishirini na minne aliyevaa viatu vya kuazima. Haumei popote duniani ila kwenye kilima hicho cha kijiji cha Melovatka, na tangu mwaka wa hamsini na mbili hakuna mtaalamu aliyeuona tena. Sasa ilikuwa Juni ya 1978, na kiwanda cha saruji kilikitaka kilima.

Tume ingefika saa sita mchana. Mmea ukionekana hai, kiwanda kingehamia upande wa pili wa bonde. Usipoonekana, baruti ingelia Septemba. Rimma Tarasovna, mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa ndiye mtunzaji wa mimea mikavu ya chuo, alikuwa ameandika barua miaka miwili hadi kuipata tume hiyo. Alimtanguliza mzee siku moja kabla.

"Utafute tu, Porfiri Yeliseyevich," alimwambia. "Ukiuona, chomeka kijiti, kaa karibu, utusubiri."

Vijiti alikuwa navyo mfukoni, sita, kavichonga mwenyewe.

Lakini huyu alikuwa mtu wa kuchimba mimea, na alikuwa amechimba zaidi ya nusu ya maisha yake. Alichimba nyikani na milimani. Alichimba vitani akiwa askari, akabana majani ndani ya kitabu cha mafunzo ya bunduki. Alichimba siku ya pili baada ya kumzika mkewe, kwa kuwa kitunguu-mwitu kilikuwa kimechanua na kisingemngoja amalize kulia. Karatasi elfu sitini za mimea mikavu chuoni zilikuwa na jina lake, na waliozijua walizitambua hata kabla ya kusoma jina. Watu wengine walikata mzizi pale mikono yao ilipochoka. Karatasi ya Zavyalov ilikuwa na mzizi mzima, mpaka kile kiuzi cha mwisho chembamba kama unywele. Kuna wanafunzi waliofeli mtihani kwa mzizi uliokatika, wakatoka wanalia, naye hakuwahi kuwaonea huruma.

Basi aliuona, akapiga magoti, akatoa kisu chake cha kuchimbia. Alipokaza mkanda wa mwisho alikuwa anaimba kwa pua. Kisha akasimama, akafuta chaki magotini, akaenda kuutafuta wa pili ili auchomekee kijiti.

Aliutafuta kwa muda wa saa tatu. Mwanzo alitembea wima, kisha akainama, mwishowe akawa anatambaa.

"Yeliseich! Umedondosha kopeki?"

Alikuwa Glafira Pakhomovna, mwenye mbuzi, bibi wa kijijini aliyezoea kumfupishia jina, na ambaye alikuwa akigombana naye tangu wote wawili wana meno yote.

"Glafira Pakhomovna, umeliona ua dogo la zambarau? Huwa yanachanua matatu matatu."

"Si lile la pale juu, kwenye mwamba uliopasuka? Lipo. Mwaka jana lilikuwepo, mwaka juzi lilikuwepo. Nawafukuza mbuzi na fimbo, maana najua utakuja kunipigia kelele."

"Na mengine?"

"Mengine yapi? Ni hilo hilo. Nakizunguka kilima hiki kila siku ya Mungu, kama yangekuwepo mengine ningeyajua."

Mzee alikaa chini pale pale, kwenye mawe. Glafira akatazama zile mbao zilizofungwa mikanda, akamtazama yeye, akazitazama mbao tena.

"Umelichuma?"

"Nimeling'oa."

"Mungu wangu." Akajifanyia ishara ya msalaba. "Miaka arobaini unanitukana! 'Mbuzi wako, Glafira, ni janga!' 'Mbuzi wako watamaliza mimea ya dunia!' Mbuzi anakula majani, Yeliseich. Mzizi anauacha."

Alisubiri ajibiwe tusi, kama kawaida yao. Kisha akatoa kipande cha mkate mweusi na tango kwenye kitambaa chake, akamwekea pajani, akaondoka na mbuzi wake. Mzee hakukigusa chakula.

Rimma Tarasovna aliliacha gari la tume chini, akapanda mbio peke yake, viatu mkononi.

"Umeuona! Usinifiche, nimekujua tangu kwa mbali!"

"Nimeuona. Ulikuwa mmoja. Nimeung'oa."

Rimma akacheka. Alipoona hacheki naye, akaacha.

"Kwa nini?"

"Sijui, Rimma."

"Nilikuambia kijiti. Kijiti tu!"

"Uliniambia."

Rimma alizunguka mara moja mahali aliposimama, kama mtu aliyepigwa kofi asijue nani kampiga. Halafu akamgeukia tena. "Ngoja. Ngoja kwanza. Mzizi ulikatikia wapi? Kipande kikibaki chini ya chaki kinachipua, wewe mwenyewe ulinifundisha. Ulikatikia wapi?"

Mzee alifungua mikanda, akafunua gazeti.

Mzizi ulikuwa umekunjwa mara tatu ili utoshe kwenye karatasi. Rimma aliufuata kwa kidole, taratibu, kunjo la kwanza, la pili, la tatu, mpaka ulipokwisha kwa kile kiuzi cha mwisho. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya mzee yule. Rimma akaziba mdomo kwa kiganja.

"Hata siku moja tu," alisema. "Siku moja tu katika maisha yako ungefanya kazi vibaya."

Chini, milango ya gari ilibamizwa. Wanaume watatu walianza kupanda.

Rimma akamshika mkono, akanong'ona haraka haraka. "Sema umeona mingine kule korongoni. Sema kumi. Sema njia ni mbaya, hawawezi kufika. Nani atakubishia wewe? Hakuna aliyewahi kukubishia."

Porfiri Yeliseyevich alikubali kwa kichwa. Alikubali kweli, hakuwa anajifanya.

Mhandisi wa kiwanda, Ndugu Byelousov, alifika wa kwanza, mnene, jasho likimtiririka, kofia mkononi kwa heshima. Mwenyekiti wa tume akatoa daftari.

"Haya, Ndugu Zavyalov. Umeona mimea mingapi?"

Maishani mwake mzee hakuwahi kuandika kwenye karatasi kitu ambacho jicho lake halikukiona. Alifungua mdomo aseme kumi.

"Mmoja," alisema, akashtuka kujisikia akisema hivyo.

"Uko wapi?"

"Huu hapa."

Waliutazama. Rimma alikuwa amegeukia mtoni.

"Je, kuna mbegu ardhini?" mwenyekiti aliuliza, na ilionekana wazi anamtafutia mzee njia. "Mbegu zinaweza kulala miaka mingi, sivyo?"

"Zinaweza."

"Umeziona?"

"Sijaziona."

Mwenyekiti akaandika. Byelousov aliinama tena juu ya gazeti, akautazama mmea kwa mapenzi kabisa.

"Mzuri sana," alisema. "Na mzizi wote! Sasa uko salama, utakaa chuoni miaka mia." Akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili, akautikisa, macho yake hayana hila hata kidogo. "Asante, Porfiri Yeliseyevich. Kwa kweli umetusaidia."

"Si neno," alijibu Porfiri Yeliseyevich.