Jirani Anayejua

Mama Dancille alimkuta Édouard, mwalimu wa Kiingereza, kwenye lango la shule kabla ya kengele. Hakutaka kuingia ofisini.

"Prof, mwanangu Anastase amekufa," alisema. "Tangu ile vita ya mwezi wa kwanza. Maji yalikatika, akaenda kuchota ziwani, hakurudi. Mutu mumoja kati ya wale waliozika maiti alimutambua, akakuja kunijulisha. Dative hajui. Nilimwambia kwamba kaka yake iko Vitshumbi, anafanya kazi na wavuvi, na kule simu haishiki."

Dative alikuwa mwanafunzi wa Édouard, mwaka wa sita wa sekondari. Alikimbia Rutshuru na mama yake, wakaishi kwenye mahema ya wakimbizi ya Kanyaruchinya mpaka kambi ilipovunjwa. Darasani hakuchoka kuwaambia wenzake kuhusu samaki ambao kaka yake angemletea baada ya mitihani.

"Watoto wa darasa wamekwisha kusikia," mama aliendelea. "Nakuomba uwafunge midomo. Mutoto afanye kwanza Egzeta, ule mutihani wa serikali. Baba yao alikufa, sasa na huyu. Dative akijua leo, atatupa madaftari, na mimi nitabaki na nini, Prof?"

Akapiga magoti pale pale, juu ya mawe makali ya volkano. Édouard alimwinua haraka, kwa aibu ya kupigiwa magoti na mtu wa umri wa mama yake, na kwa aibu hiyo hiyo akakubali.

Wakati wa mapumziko, Dative alipokuwa nje, aliwaambia wanafunzi wanyamaze kuhusu Anastase. Waliinamisha vichwa. Carlos, kijana aliyekaa benchi moja na Dative, akainua mkono.

"Na mchezo wetu, Prof?"

Édouard alikuwa amesahau mchezo. Wiki kadhaa nyuma aliwafundisha kinaya, akaona hawaelewi, akawaambia: kinaya ni pale sisi watazamaji tunapojua jambo ambalo mtu aliye jukwaani halijui, naye anacheka, anapanga, na sisi roho zinatuuma. Kisha wakatunga pamoja mchezo mfupi wa Kiingereza. Mzee anamngoja mwanawe arudi kutoka safari. Ananunua mbuzi, anapaka nyumba chokaa. Mtaa mzima unajua kijana alifia njiani. Mwishoni mzee anabaki na jirani mmoja, na jirani lazima achague: kusema au kunyamaza. Carlos alikuwa mzee. Dative alikuwa jirani.

"Nikiufuta, atauliza sababu," Édouard alisema. "Tutaucheza."

Wakaucheza Alhamisi, madawati yakiwa yamesukumwa ukutani. Carlos alianza vibaya. Alipofika pale mzee anapomsifu mwanawe, sauti ilimkatika, akarudia sentensi ile ile mara mbili. Msichana mmoja, Olive, alijifunika uso kwa sweta yake. Wengine walikuwa wanalia bila kujificha.

Dative aliona machozi yao, akang'aa. Alidhani ni kazi yake. Akanyoosha mgongo, akapaza sauti, akaigiza kama hajawahi kuigiza. Édouard alitamani kupiga kelele wasimame, lakini aliwaacha waendelee.

Mwisho walikuwa wameuacha wazi, jirani aamue mwenyewe. Dative alimsogelea Carlos, akamshika bega, akasema kwa Kiingereza chake safi: "Mzee, mwanao hatarudi. Amekufa. Sisi wote tulijua." Carlos akaanguka magotini, na hakuwa anaigiza.

Kwa mazoea ya ualimu, na baadaye alijilaumu kwa hilo, Édouard aliuliza, "Kwa nini umechagua kumwambia?"

"Kwa sababu walimfanya mjinga, Prof," Dative alijibu bila kufikiri. "Anapaka chokaa, na wao wanamtazama tu. Eti wanamhurumia! Ningekuwa mimi, ningemchukia kila mmoja aliyenyamaza."

Hakuna aliyeinua macho. Édouard aliwaruhusu watoke, akambakiza Dative peke yake. Alifunga mlango, akamwambia yote: ziwa, wazikaji, magoti ya mama yake.

Dative alicheka kwanza. "Prof, mchezo umeisha."

Édouard hakucheka. Taratibu kicheko kikamtoka usoni.

"Carlos alijua?"

"Alijua."

"Olive?"

"Wote, Dative."

"Kumbe walikuwa wananililia mimi." Alitazama madawati yaliyosukumwa ukutani, kisha akatoka mbio.

Kesho yake mama alifika shuleni. Hakupiga kelele. "Nilikupigia magoti," alisema. "Ulikuwa na watoto wengi wa kufundisha mambo yako. Mimi nilikuwa na mumoja." Akaondoka, na tangu siku hiyo hakumsalimu tena.

Dative hakufanya Egzeta. Kila asubuhi alikwenda kwenye makaburi nje ya mji, kule walikozikwa watu wengi kwa pamoja bila majina, akiuliza kila aliyeshika jembe kama anamkumbuka kijana mrefu mwenye koti la buluu. Yule aliyemtambua Anastase alikuwa amehama mji, na wengine hawakukumbuka. Walizika wengi mno.

Édouard alimfuata huko. Alimkuta akitembea kati ya matuta, viatu vimejaa udongo mweusi.

"Nisamehe," alisema. "Ulisema ungetaka kujua."

"Nilisema." Dative hakusimama. "Na kweli nilitaka. Sikuchukii, Prof, hata nikijaribu. Lakini mama hali tena chakula. Anakaa mlangoni na kunitazama tu. Zamani alipokuwa anadanganya, alikuwa anapika, anaimba. Alikuwa anamtaja Anastase kila siku, kama mutu aliye hai. Nafikiri hata yeye alikuwa ameanza kuuamini ule uongo. Tumemwua Anastase mara ya pili, mimi na wewe."

Édouard aliongeza mwendo hadi akamfikia.

"Nifundishe basi," Dative alisema, na sasa machozi yalimtoka. "Mutu akishajua, anafanya nini?"

Alipoona hajibiwi, akaendelea kutembea kuelekea kwenye matuta mapya, na Édouard akamfuata nyuma, kwa kuwa hakujua kitu kingine cha kufanya.