Kaptula ya Mzee Zefania

Watu wanaosema kushona ni kazi nyepesi ningependa wanionyeshe vidole vyao. Mimi nilianza nikiwa na miaka kumi na mitano, mwaka 1951, kwenye kibaraza cha kanisa la kijiji chetu, bondeni chini ya Kilimatinde, na sindano ilinichoma kuliko mbu. Lakini sindano niliisamehe. Aliyenitesa ni baba yangu mzazi, Mzee Zefania, mzee wa kanisa, mtu mnyoofu asiyesema uongo hata kwa mtoza kodi, ila mbishi kama punda aliyeona mto.

Mwalimu wetu, Kristina, alikuwa amesomea ushonaji Dodoma, na misheni ilimleta atufundishe sisi vijana: wasichana tisa na mvulana mmoja, Alphonce. Mpango wake haukuwa na mambo mengi. Tulianza na leso ili tujue kupinda, tukaja kwenye mfuko wa kubebea daftari ili tujue kuunga. Leso yangu ilinyooka, na mfuko wangu ulibeba mawe bila kuachia. Siku moja mwalimu akaniita pembeni akasema fundi Idrissa wa Manyoni, yule mwenye cherehani karibu na stesheni, anataka mwanafunzi, na nafasi hiyo ni yangu baba akikubali.

Sikulala siku hiyo. Cherehani nilikuwa nimeiona mara moja tu, nikasimama kuitazama mpaka mama akanivuta sikio. Niliitaka kuliko nilivyotaka mume, ng'ombe au mbingu, Mungu anisamehe.

"Msichana akae kwenye mashine?" baba aliuliza. Kisha akatoa hukumu. "Mwalimu wenu amesema mtamaliza kwa kushona kaptula za baba zenu. Haya. Nishonee hiyo kaptula. Siku ya sherehe ya mavuno nitaivaa mbele ya watu. Ikinienea, utakwenda Manyoni. Isiponienea, sindano irudi kanisani na wewe urudi shambani."

Alisema mbele ya mama, na neno la baba likishatoka halikuwa na njia ya kurudi.

Sasa nieleze tatizo. Mwalimu Kristina alitugawia kamba, akasema, "Nendeni mkawapime baba zenu kiuno, paja na urefu." Tukaangaliana. Yeye alikuwa mgeni. Kwetu mtoto hamzungushii baba yake kamba kiunoni, heri aingie kisimani. Hata kumtazama hapo hatukumtazama. Ukizungumza na baba uliangalia chini, au uliangalia kuku.

Kila mmoja akatafuta njia yake. Elina alipima kigoda anachokalia baba yake. Alphonce alipima upenyo wa zizi, kwa sababu baba yake hupita pale kila jioni na hajawahi kukwama. Msichana mwingine alipima kilindo, lile pipa la magome la kuwekea nafaka, kwa kuwa aliwahi kumsikia mama yake akisema, "Mume wangu siku hizi amekuwa kama kilindo." Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Mimi nilijiona mjanja. Nikamwendea Urbano.

Urbano alikuwa Mnyamwezi, kibarua wa reli pale Saranda, na kila Jumamosi alishika njia kuja kununua maziwa kwetu. Wanyamwezi ni watani zetu sisi Wagogo. Mtani hana mwiko: aliweza kukalia kigoda cha baba, kumnyang'anya kofia, kumwambia amezeeka vibaya, na baba hakuruhusiwa kukasirika. Nikampa kamba, nikamwomba afunge fundo mahali kiuno kinapoishia, mimi nikajificha nyuma ya nyumba.

"Simama, wewe Mgogo, nikupime jeneza!" nilimsikia.

"Pima lako kwanza, maiti wa Tabora!" baba akajibu, wakacheka wote wawili.

Urbano alirudi na kamba imefungwa fundo. Nikaipima kwa mkono wangu, toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Kiuno cha baba kilikuwa mikono minne na kidogo. Nilishtuka. Lakini nani aliwahi kukichunguza kiuno hicho? Shuka lake lilikuwa pana, na mimi macho yangu siku zote yalikuwa kwa kuku. Nikasema kumbe ndivyo wazee walivyo. Mwalimu wiki hiyo alikuwa amepanda Kilimatinde kwa mambo ya misheni, basi nikalikata jora la amerikani, kile kitambaa cha pamba, peke yangu, kwa moyo mkunjufu, nikalimaliza, na kaptula nikaishona.

Mwalimu aliporudi aliinyanyua kaptula kwa mikono miwili, mikono haikutosha.

"Rahabu," alisema, "baba yako ni mtu, au ni lile tangi la maji la stesheni?"

Nilikimbia mpaka Saranda. Nilimkuta Urbano anakula muhogo kando ya reli.

"Shikamoo, Urbano. Umenipa kipimo gani?"

"Marahaba. Kipimo kizuri. Nilimzungushia kamba yeye pamoja na nguzo ya nyumba aliyoegemea, na debe la maji lililokuwa pale."

"Kwa nini?"

"Ulitaka nimpime mtani wangu halafu niseme kweli? Wenzangu wakisikia, nitaficha wapi uso?"

Nililia njia nzima ya kurudi. Kitambaa kilikuwa kimekwisha, na maji yakimwagika hayazoleki. Nikawa nimebaki na kaptula ya kuvaliwa na wanaume wawili wanaopendana sana.

Wiki hiyo hiyo, jioni, baba akaomba aongezewe ugali. Akala. Akaomba tena. Kesho yake akala asubuhi, akala mchana, akala jioni, na kati ya hapo akatafuna karanga. Nilimuuliza mama kama baba anaumwa. Mama yangu, Selina, alichungulia nje kwanza ndipo akaninong'oneza.

"Amesikia umeshakata kitambaa kwa kipimo. Anajinenepesha ili ikifika siku yenyewe imbane. Anasema hakuapa kubaki na mwili ule ule."

Niliingia ghalani nikacheka mpaka nikauma mkono wangu. Baba alikuwa anakula ili ashinde, na kila tonge lilikuwa linamsogeza kwenye kaptula yangu! Toka siku hiyo nilimnyang'anya mama mwiko. Nilimpikia baba uji wa karanga kabla ya jua, ugali wa uwele wenye samli, mlenda, maziwa mgando, kuku aliyekosea njia. Nilimletea mpaka shambani.

"Huyu binti ameanza kuwa na adabu," baba aliwaambia wazee wenzake. "Ameshaona mambo ya Manyoni hayana maana."

Baada ya wiki sita alikuwa akitoka mlangoni kwa ubavu. Kanisani akipiga magoti, mashemasi wawili walimwinua. Mimi nilivunja mwiko wa kwetu, nikawa namtazama kiuno kila alipogeuka, nikijiambia: bado mkono mmoja. Bado nusu mkono.

Ndipo Urbano akaharibu. Mtani anaweza kutunza fedha yako, mke wako na maiti yako, lakini kichekesho hawezi kukitunza. Jumamosi moja alimwona baba anahema mlangoni, akaanguka chini kwa kucheka, akamweleza kuwa kamba ile aliyoizungushia nguzo na debe ndiyo kipimo cha kaptula.

Baba aliweka tonge chini. Jioni hiyo alitangaza anafunga.

Pasaka ilikuwa imepita zamani. Mchungaji alimuuliza anafungia nini, akajibu ni mambo yake na Mungu. Alikunywa maji na kikombe kimoja cha uji mwepesi kwa siku. Nilimpelekea kuku wa kukaanga, akafumba macho na kuimba wimbo wa kanisa mpaka nilipomwondoa. Mashavu yakaisha, shingo ikabaki kama ya mbuzi wa kiangazi, na zilikuwa zimebaki siku nane tu. Nilikaa nyuma ya nyumba nikalia kwa sauti.

"Juzi mmoja anakula, mwingine anapika," mama alisema huku amejishika kiuno. "Leo mmoja anafunga, mwingine analia. Na mtama atavuna nani, mimi?"

Nikampelekea mwalimu kaptula yangu, nikamwambia nimeshindwa. Sikujua nimshonee baba yupi, wa mwezi uliopita au wa Jumapili ijayo.

"Mtu habaki na kiuno kimoja maisha yake yote," Mwalimu Kristina alisema. "Kaa hapo."

Akanionyesha. Unakunja ukingo wa juu, vidole viwili. Unashona chini ya mkunjo kuzunguka kiuno chote, mishono midogo, bila kuruka. Mbele unaacha tundu. Halafu unasokota kamba imara, unaifunga kwenye ncha ya kijiti, unaisukuma ndani ya upindo kama panya ndani ya shimo mpaka izunguke kiuno na kutokea hapo hapo mbele. Ni somo ambalo mtoto yeyote analiweza kwa siku moja. Mimi lilinichukua siku tatu, kwa sababu upindo wangu ulikuwa mrefu kama safari ya Itigi.

Siku ya mavuno kanisa lilijaa mpaka madirishani. Akina baba waliingia chumba cha nyuma mmoja mmoja, wakatoka na kaptula zao. Baba yake Elina, aliyeshonewa kwa kipimo cha kigoda, ilimkaa vizuri sana alipoketi, ila akisimama ilishuka, basi akasikiliza ibada yote ameketi, hata wakati wa Baba Yetu. Baba yake Alphonce alitembea kwa ubavu. Yule wa kilindo alikataa kutoka.

Kisha akatoka baba yangu. Ameikusanya kaptula kwa mikono miwili tumboni, kitambaa kinamwagika huku na huku.

"Ndugu zangu," alisema kwa upole wa mtu aliyeshinda, "mmeona wenyewe. Humu tungeingia mimi, mke wangu na mbuzi. Haijanienea."

Nilisimama. Nisingeweza kumgusa, lakini kusema niliweza.

"Baba, vuta kamba."

"Kamba gani?"

"Hizo ncha mbili hapo mbele."

Aliziona. Alitaka kukataa, lakini mikono yake yote ilikuwa kazini, na kanisa zima lilikuwa linamtazama. Kutoka mlangoni Urbano akapiga kelele, "Vuta, Mgogo, au uachie tukione kile kiuno nilichopima!"

Baba akavuta. Kitambaa kikajikusanya mkunjo kwa mkunjo, kikamfuata kiunoni pande zote. Akafunga fundo. Akaachia mkono mmoja, akaachia wa pili. Akapiga hatua. Akapiga nyingine. Akaruka kidogo, nadhani kwa kuitega ianguke. Kaptula ikatulia mahali pake.

"Hapana," alisema. "Hii ni hila. Kilichonienea ni kamba, si kaptula."

Wazee wakaanza kunong'ona, na nikaona baadhi yao wanatikisa vichwa kumkubalia. Hasira ikanipanda mpaka ikaniondolea woga.

"Baba, shuka lako unalifunga fundo kila asubuhi. Ukilifungua linaanguka. Kwani miaka yote hii halikuenei?"

Baba alitazama kaptula, akamtazama mama, akatazama sakafu. Angeweza kubisha mpaka jua lizame, ubishi aliuweza. Lakini uongo hakuuweza.

"Imenienea," alisema.

Mama alipiga kigelegele kirefu mpaka mchungaji akamwomba apumzike.

Wiki iliyofuata baba alinisindikiza stesheni ya Saranda, sanduku langu begani mwake, kaptula mwilini. Tulikaa kusubiri treni ya Manyoni. Mwishowe akakohoa.

"Rahabu, kule kula kwangu, sikuwa na njaa. Sikutaka uondoke. Ukiondoka wewe, jioni nitazungumza na nani pale nyumbani? Mama yako amenizoea."

"Najua ulivyokuwa unakula, baba. Na mimi nilikuwa nakupikia ili niende. Nilitaka unenepe mpaka uijaze."

Alinigeukia taratibu.

"Samli yote ile?"

"Yote, baba."

Treni ilipoingia alilibeba sanduku langu mwenyewe, akalipandisha behewani, na akabaki ameshika mshikio wake hapo mlangoni mpaka mtu wa treni alipomwomba mara mbili auachie.